Matuta ya Waya na Feni Iliyoelemewa: Uchambuzi wa Kisa cha Kikaushio cha Mananasi

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea katika wilaya moja ya Uganda ya kati, kwenye ukanda unaolima mananasi kwa wingi, mahali palipo karibu mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Majina ya kikundi, ya watu na ya kijiji yameondolewa, na mambo machache yasiyogusa hesabu yamebadilishwa ili wahusika wasitambulike.

Kikundi chenyewe kilikuwa cha wakulima, wengi wao kina mama, waliokuwa wakikata mananasi vipande vya duara, kuvikausha na kumuuzia mnunuzi wa Kampala. Nanasi bichi lina maji takriban asilimia 85, na mnunuzi alitaka kipande kilichobaki na asilimia 15 hivi, chenye rangi ya manjano na kinachokunjika bila kuvunjika. Kukausha juani kwenye nyavu kulikuwa kumewashinda, hasa miezi ya mvua, kwa sababu ya vumbi, nzi na mawingu ya alasiri. Waliomba kikaushio cha sola chenye feni.

Kazi ya usanifu ilipewa mhandisi kijana, ujenzi ukapewa fundi wa kuchomelea kutoka West Nile, nami niliombwa kupitia hesabu kabla bati halijakatwa. Kiswahili ndicho kilichotuunganisha: mhandisi hakujua lugha ya fundi, fundi hakujua Luganda cha kutosha, na mama mwenyekiti alizungumza Kiswahili alichojifunza sokoni Busia. Ninalitaja hili kwa sababu hesabu zote zilielezwa kwa Kiswahili mbele ya wote, na kosa lililofanyika lilipita mbele ya macho yetu sote, yangu yakiwa ya mwisho.

Usanifu wa kwanza na sababu zake

Mtambo ulikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza ilikuwa sanduku la kukusanya joto, lenye kioo juu, bati lililopakwa rangi nyeusi chini ya kioo, na bati jingine chini yake lililolazwa juu ya tabaka la kuzuia joto lisipotee. Hewa ilipita katika pengo la milimita 25 kati ya mabati hayo mawili. Urefu wa pengo ulikuwa mita 4.8, yaani mabati mawili bapa yaliyounganishwa ncha kwa ncha, na upana wake wa ndani mita 1.1. Sehemu ya pili ilikuwa kabati la trei, ambamo hewa ya moto iliingia kwa chini na kutokea juu. Feni ilikaa kwenye mlango wa hewa baridi, ikiendeshwa moja kwa moja na paneli ya sola bila betri.

Mhandisi alitaka hewa ipite kwa kiasi cha mita za ujazo 0.108 kwa sekunde, sawa na mwendo wa karibu mita 3.9 kwa sekunde ndani ya pengo. Kwa mwendo huo namba ya Reynolds, inayoonyesha kama mkondo ni tulivu au wa msukosuko, inakaribia 9,800, hivyo mkondo ni wa msukosuko hata kama bati ni laini. Hesabu ya bati laini ilionyesha kwamba feni ingehitaji kushinda upinzani wa shinikizo la paskali 23 au 24 ndani ya pengo, na paskali kama 20 nyingine kwenye kona na trei.

Hapo ndipo wazo la matuta lilipoingia. Inajulikana kwamba uso usio laini huvuruga tabaka jembamba la hewa linalong'ang'ania bati, na tabaka hilo ndilo kizuizi kikubwa cha joto kutoka kwenye bati kuingia hewani. Mhandisi alipendekeza waya wa mabati wenye unene wa milimita 1.6 utandazwe kukingama mkondo, kila waya ukiwa milimita 16 kutoka kwa mwenzake, kwenye bati la juu na la chini. Hiyo ni mistari 300 kwa kila bati, na ukiijumlisha kwa pande zote mbili ni zaidi ya mita 650 za waya. Sababu ya kuweka pande zote mbili ilielezwa kwa neno moja: usawa. Hakuna aliyeuliza kama bati la chini, lisiloona jua, lina joto la kutosha la kumpa mtu sababu ya kulivuruga.

Ili kutabiri msuguano, mhandisi alichukua unene wa waya, milimita 1.6, akauingiza katika fomula ya Colebrook ya mwaka 1939, inayokadiria msuguano ndani ya mabomba, mahali pa kimo cha vinundu vya uso. Jibu lilikuwa kwamba msuguano ungeongezeka karibu mara mbili, pengo likahitaji paskali 45, na mtambo wote paskali 65. Ili kutabiri joto, alitumia mlingano wa Osborne Reynolds wa mwaka 1874, unaosema kwamba msuguano na uhawilishaji wa joto, yaani kuhama kwa joto kutoka kwenye bati kuingia hewani, huendeshwa na msukosuko uleule, akahitimisha kwamba joto nalo lingeongezeka karibu mara mbili. Alichagua feni ambayo katalogi yake ilionyesha paskali 67 kwa kiasi cha hewa tulichokihitaji. Nilizipitia kurasa hizo jioni moja, nikaona fomula zimetumika bila kosa la hesabu, nikaweka sahihi.

Kilichotokea

Siku ya kwanza ya jua kali kila mtu alifurahi. Mama mwenyekiti aliweka kiganja kwenye mlango wa kabati na kusema, "Fundi, huu ni moto wa kweli." Kipimajoto kilisoma nyuzi 60, wakati hewa ya nje ilikuwa nyuzi 27. Tulikuwa tumetabiri nyuzi 49 hivi, na kila aliyesikia namba hizo alidhani mtambo umezidi matarajio.

Baada ya siku mbili vipande vya trei ya chini, iliyo karibu na mlango wa hewa ya moto, vilikuwa vimegeuka kahawia pembezoni na kuwa vigumu kama gome. Nilipokata kimoja kwa kisu nilikuta ngozi kavu ya nje ikiwa imefungia ndani nyama iliyokuwa bado na unyevu. Trei za juu zilikuwa na hali tofauti kabisa: vipande vililegea, vilinata vidoleni, na asubuhi ya tatu viwili vilikuwa na ukungu mweupe. Mnunuzi alikataa shehena ya kwanza yote. Wanachama walianza kusema kwamba mtambo una moto mwingi mno na kwamba kioo kifunikwe kwa turubai wakati wa mchana, na ni rahisi kuona kwa nini walifikiri hivyo.

Vipimo

Jambo la kwanza tulilofanya lilikuwa kuchoma kijiti cha udi mbele ya feni. Moshi uliingia, lakini pembezoni mwa feni sehemu yake ilizunguka na kurudi nyuma, ishara kwamba feni inasukuma dhidi ya upinzani mkubwa kuliko uliokusudiwa. Kisha tulipima mwendo wa hewa kwenye pointi tisa za mlango kwa kipimaupepo cha kuazima. Wastani ulitoa mita za ujazo 0.068 kwa sekunde, chini kidogo ya theluthi mbili ya kiasi tulichopanga.

Kwa shinikizo hatukuwa na kifaa cha duka. Tulichukua mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, tukaufunga juu ya ubao uliolazwa kwa mwinuko wa moja kwa kumi, tukaujaza maji yaliyotiwa wino. Milimita moja ya maji yaliyosimama wima ni karibu paskali 10, kwa hiyo juu ya ubao ule kila milimita ya mrija ilikuwa sawa na paskali moja, nayo husomeka kwa jicho bila shida. Ncha moja ya mrija iliwekwa mwanzo wa pengo na nyingine mwisho wake. Wino ulipanda polepole, ukatulia milimita 58 kutoka mahali pa kuanzia. Kwa kiasi kile kidogo cha hewa, fomula tuliyoitumia ilitabiri 18.

Fundi alitaka kuona ndani kwa macho yake. Tulifungua ubavu, akaingiza tochi na kioo kidogo cha kujitazamia. Nyaya za bati la juu zilikuwa zimefungwa kwa rivati kwenye ncha mbili tu, na kwa kuwa zilikuwa upande wa chini wa bati, uzito wake ulizivuta. Katikati, nyingi zilining'inia milimita 2 au 3 chini ya bati, hewa ikipita juu na chini yake. Waya wa namna hiyo unaendelea kuzuia hewa, lakini haugusi bati na hauvurugi vema tabaka lililo karibu nalo.

Hesabu ya pili

Kosa kubwa lilikuwa katika maana ya neno moja, kimo. Johann Nikuradse, akifanya kazi Göttingen, alichapisha mwaka 1933 matokeo ya mabomba aliyoyabandika punje za mchanga ndani, na kimo cha vinundu katika fomula za msuguano kinatokana na mchanga ule. Bomba lake lenye punje kubwa kuliko yote lilikuwa na uwiano wa 1 kwa 30 kati ya punje na kipenyo. Waya wetu, ukilinganishwa na mara mbili ya pengo, ambayo katika hesabu hizi hushika nafasi ya kipenyo, ulikuwa na uwiano karibu uleule, yaani tulisimama ukingoni kabisa mwa vipimo vyake, na bado umbo letu halikuwa mchanga. Hermann Schlichting alionyesha mwaka 1936 kwamba kila umbo la vinundu linahitaji kutafutiwa kimo chake cha mchanga linganifu, yaani kimo cha punje za mchanga ambazo zingeleta upinzani uleule, kwa kupima, kwa sababu mpangilio na umbo huamua mengi kuliko kimo.

Matuta yanayokingama mkondo ni mfano mkali wa jambo hili. Hewa inaporuka waya huachana na bati, ikazunguka nyuma ya waya, na kuligusa bati tena umbali wa mara 6 hadi 8 ya kimo cha waya. Nafasi ya mara 10 tuliyoiweka huipa hewa muda wa kugusa tena na kisha kugonga waya unaofuata karibu kwa nguvu yake yote. Nafasi hiyo ni nzuri kwa joto, na ni miongoni mwa mipangilio yenye upinzani mkubwa kuliko yote.

Kwa matuta ya namna hii zipo kanuni zilizopimwa, kama zile za Webb, Eckert na Goldstein za mwaka 1971, na kazi ya Prasad na Saini ya mwaka 1988 iliyohusu hasa vipashajoto vya hewa vya sola vyenye waya kwenye bati moja. Tulipozitumia, kwa kiasi cha hewa tulichopanga, matuta ya pande mbili yalitoa msuguano wa mara 6 hivi ya bati laini, si mara 2. Pengo peke yake lingedai karibu paskali 146. Tulipogeuza upinzani wa waya ule kuwa kimo cha mchanga linganifu, tulipata milimita 14, zaidi ya nusu ya pengo lenyewe. Hakuna punje ya ukubwa huo inayoweza kubandikwa mle ndani hewa ikapita kama bomba. Namba hiyo ni kitambulisho cha upinzani tu, na yeyote anayeisoma kama ukubwa wa kitu atapotea.

Msomaji atakayefanya hesabu hizi aangalie pia kigawe cha msuguano anachokisoma, yaani namba inayowakilisha ukubwa wa msuguano katika fomula, kwa maana baadhi ya vitabu hutumia kigawe ambacho ni robo ya kile cha vitabu vingine. Sisi tuliwahi kuzichanganya kwa dakika kumi kabla ya kugundua.

Kosa la pili lilikuwa la feni. Katalogi yake ilitengenezwa kwa hewa ya usawa wa bahari, yenye densiti ya kilo 1.2 kwa mita ya ujazo. Kwenye mwinuko wetu, hewa ya asubuhi kwenye mlango wa feni ilikuwa na kilo 1.03 hivi, na shinikizo la feni hushuka kwa uwiano huohuo. Paskali 67 za karatasini zilikuwa 57 au 58 kijijini. Tulipokutanisha mstari wa feni uliosahihishwa na upinzani mpya, vilikatana kwenye mita za ujazo 0.068, mahali palepale kipimaupepo kilipotuonyesha.

Uamuzi

Pendekezo la kwanza la kikundi lilikuwa feni kubwa. Tulilikataa kwa sababu nguvu ya feni ni zao la kiasi cha hewa na shinikizo. Kusukuma kiasi kilichopangwa dhidi ya matuta ya pande mbili kungedai nguvu ya mara mbili na nusu ya ile tuliyoikadiria mwanzo, pamoja na paneli ya ukubwa huo.

Pendekezo la pili, kuondoa nyaya za bati la chini peke yake, lilikuwa sahihi lakini halikutosha. Upinzani wa pengo ungeshuka hadi paskali 85, na hewa ingefika karibu asilimia 78 ya lengo.

Tulichoamua ni kuondoa nyaya za chini na kuinua bati la juu kwa fito za mbao za milimita 10, pengo likawa milimita 35. Nguvu ya hatua hii haionekani kirahisi kwa macho. Mwendo wa hewa hushuka kutoka mita 3.9 hadi 2.8 kwa sekunde, na kwa kuwa shinikizo hufuata takriban mraba wa mwendo, huku njia ikiwa pana na waya ukiwa mdogo kulinganisha nayo, paskali 85 zilishuka hadi 25 katika hesabu. Nyaya za juu zilibaki, kwa maana kuzitoa kungeacha matundu 600 ya rivati chini ya kioo. Fundi alipitisha ukanda mwembamba wa bati katikati, ukifuata mkondo, ili uzibane nyaya zote zilizoning'inia.

Matokeo

Kiasi cha hewa kilipanda hadi mita za ujazo 0.112 kwa sekunde. Wino ulisimama kwenye milimita 30, hesabu kwa kiasi hicho cha hewa ikiwa 27. Hewa ya kuingia kabatini saa sita mchana ilikuwa nyuzi 48. Vipande vilikauka trei zote, vya chini vikitangulia kidogo, na shehena iliyofuata ilipokelewa.

Uchambuzi

Kiganja cha mama mwenyekiti na kipimajoto chetu vilitudanganya kwa njia moja. Joto linalobebwa na hewa ni zao la uzito wa hewa na kupanda kwa nyuzi zake. Kabla ya marekebisho hewa kidogo ilipanda nyuzi 33. Baada yake hewa nyingi ilipanda nyuzi 21. Ukizidisha, mtambo ulitoa takriban kilowati 2.3 kabla na 2.4 baadaye, tofauti ambayo vipimo vyetu vya kuazima haviwezi hata kuithibitisha. Kilichobadilika ni kwamba joto lilelile sasa lilibebwa na hewa ya kutosha kuchukua unyevu wa trei zote bila kuunguza ya kwanza. Laiti tungepima mwendo wa hewa siku ya kwanza, shehena ile isingepotea.

Jambo la ndani zaidi ni lile la kuufanya msuguano na joto kuwa ndugu pacha. Mlingano wa Reynolds unafaa kwenye uso laini, ambako hewa huvutwa na bati kwa kusuguana nalo tu. Kwenye matuta, sehemu kubwa ya upinzani hutokana na shinikizo: mbele ya waya shinikizo huwa kubwa, nyuma yake dogo, na tofauti hiyo huizuia hewa. Joto halina chochote kinachofanana na shinikizo. Lazima livuke tabaka jembamba la hewa kwa kupita chembe hadi chembe, hata nyuma ya waya ulioivuruga hewa vizuri. Dipprey na Sabersky walilionyesha hili kwa vipimo vya mabomba yasiyo laini mwaka 1963. Kwa matuta yetu ya upande mmoja, kwenye pengo la awali, kanuni zilitoa msuguano wa mara 3.6 na uhawilishaji wa joto wa mara 1.7. Matuta ya upande wa chini yaliongeza gharama kubwa mahali ambapo palikuwa na joto dogo la kuchukua.

Kilichofanya kazi vema ni kupima vitu viwili tofauti, kiasi cha hewa na shinikizo, kwa sababu kimoja peke yake kisingetuambia kama tatizo ni feni au pengo. Ubao wa wino uligharimu mrija na kipande cha mbao, ukatupa jibu ambalo mabishano ya wiki nzima hayakutoa. Niseme pia kwamba hesabu ya pengo la milimita 35 iko nje kidogo ya eneo ambalo kanuni za matuta zinaaminika kikamilifu, kwani kwa mwendo ule mdogo athari ya waya huwa bado haijakomaa. Kupatana kwa 27 na 30 kunatia moyo, wala si uthibitisho.

Lakini swali lililonisumbua zaidi lilijitokeza nilipopanga namba zote kwenye ukurasa mmoja. Bati laini kabisa, lenye pengo la milimita 25, lingehitaji paskali 23 au 24 na kutoa kigawe cha uhawilishaji, yaani kipimo cha wepesi wa joto kutoka batini kuingia hewani, cha karibu wati 17.5 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja. Mtambo uliorekebishwa, wenye matuta na pengo la milimita 35, unahitaji 25 katika hesabu na kutoa karibu wati 20. Yaani mita 330 za waya, rivati 600 na siku kadhaa za fundi zilinunua nyongeza ya takriban sehemu moja kwa saba kwenye kigawe hicho, na nyongeza ndogo kuliko hiyo kwenye joto linalofika kabatini, kwa kuwa bati lilikuwa tayari linaachia sehemu kubwa ya joto lake kwa hewa. Tulianza kwa kuuliza matuta yawe na kimo gani, kabla ya kuuliza kama bati laini lenye pengo jembamba lingetosha. Lingetosha, na hesabu yake ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza wa karatasi nilizozitia sahihi.

Kikaushio cha pili cha kikundi hicho kilijengwa na fundi yuleyule msimu uliofuata. Pengo lake ni milimita 25, mabati yote mawili ni laini, na ubao wenye mrija wa wino umefungwa ubavuni mwake kwa skrubu mbili, alama nyekundu ikiwa imechorwa pale wino unapopaswa kusimama.